Mfongo na Maneno Yake: Historia na Ukarabati wa Mifereji ya Asili ya Kilimanjaro na Upare



Baadhi yenu mnajua kwamba mimi ni Muha wa Makere, katika nyanda za juu za Kigoma, pale barabara inapotoka Kasulu kuelekea Kibondo. Huenda basi mkashangaa kuona mtu wa Buha akija mbele yenu kuzungumzia mifereji ya Wachaga na Wapare. Kwetu mvua hunyesha tangu Oktoba hadi Mei, yapata milimita 1,000 kwa mwaka, na mito huteremka kuelekea Malagarasi. Mkulima wa bondeni akichimba mfereji, mara nyingi nia yake ni kuyatoa maji shambani. Ndugu zetu wa Kinyarwanda, ambao lugha yao ina udugu wa karibu na Kiha, huuita umuferege, na sikio la mwanaisimu halihitaji muda mrefu kutambua kwamba neno hilo limesafiri kutoka pwani pamoja na Kiswahili.

Ugeni huo ndio ulionivuta. Mtu aliyezoea mfereji wa kutoa maji, akifika Machame au milima ya Same kwa mara ya kwanza, hukuta mfereji wa kuleta maji, tena uliokatwa ubavuni mwa mlima kwa mwinamo mdogo mno hata jicho likadanganyika kwamba maji yanapanda. Atauliza ni nani aliyeupima. Akikaa siku mbili tatu ataanza kuuliza swali gumu zaidi, nalo ni nani anayeyagawa maji hayo, na kwa maneno gani.

Katika mhadhara huu nakusudia kueleza historia ya mifereji hiyo na jinsi ilivyokarabatiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hoja yangu ni kwamba mfereji wa asili umejengwa kwa msamiati kama ulivyojengwa kwa udongo na mawe, na kwamba ukarabati mwingi umegusa udongo na mawe tu. Wahandisi waliomo humu ukumbini wataniwia radhi.

Mfongo ulivyochimbwa

Katika Kichaga mfereji huo huitwa mfongo, na kwa wingi mifongo. Neno limekwisha kuingia katika Kiswahili cha Tanzania, hasa katika mazungumzo na maandishi kuhusu kilimo cha Kilimanjaro. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiswahili mfo, yaani mkondo wa maji ya mvua unaokauka baada ya masika. Sishauri kuharakisha. Kufanana kwa silabi mbili si ushahidi wa udugu wa maneno, na mifano ya kujidanganya kwa namna hiyo imejaa katika makala za wanafunzi wetu, na si za wanafunzi peke yao.

Mifongo ilikuwapo zamani kabla ya ukoloni. Harry Johnston alipokaa Kilimanjaro mwaka 1884 alikuta miteremko iliyolimwa ikiwa imepitiwa na vijito vya kuchimbwa kila upande, na alivieleza kwa mshangao katika kitabu alichokitoa mwaka 1886. Watu wengi hudhani kwamba maji hayo hutoka katika barafu ya kilele. Barafu huchangia kidogo sana. Chanzo hasa ni ukanda wa msitu, ambao hupokea mvua nyingi na kunasa unyevu wa mawingu, kisha kuyaachia maji polepole katika makorongo. Ndiyo maana kisa cha mfongo ni kisa cha msitu pia, na anayefyeka juu humkausha aliye chini hata kama barafu ingebaki ilivyo.

Kuchimba kulianza juu, mahali ambapo korongo halijawa refu mno. Hapo palijengwa banio kwa mawe, matawi, majani ya mgomba na mabonge ya udongo wenye nyasi. Kutoka hapo wachimbaji waliufuata ubavu wa mlima, wakiyaruhusu maji yaingie nyuma yao kadiri walivyokwenda mbele, ili maji yenyewe yawe kipimo: yakisita, mfereji umenyanyuka, yakikimbia na kula udongo, umeinama kupita kiasi. Palipokuwa na bonde la kukatiza walitumia magogo yaliyochimbwa katikati yakawa mithili ya mitumbwi isiyo na ncha. Ramani haikuwapo. Kulikuwa na mtu mwenye jicho, naye aliheshimiwa.

Mtu huyo, au ukoo wake, ndiye aliyeupa mfongo jina. Mifongo mingi ilijulikana kwa majina ya waasisi, na uzao wa mwasisi ulishika uongozi wake. Kiongozi huyo Wachaga humwita meni mfongo. Katika meni msikilizaji wa Kiswahili atasikia mwangwi wa mwenye, na hapo ndipo tafsiri inapoanza kupotosha. Ukisema kwa Kiswahili cha leo “mwenye mfereji”, msikilizaji atafikiri juu ya mali: mtu anaweza kuuza, kurithisha, hata kuwafungia wengine. Meni mfongo hakuwa na uwezo huo. Alikuwa na wajibu wa kuongoza sadaka penye banio, kuwaita watu kwenye matengenezo, kupanga nani amwagilie lini, na kumtoza faini aliyekwepa kazi au kuiba maji. Wasonjo wa Ngorongoro, ambao nao huishi kwa kumwagilia, wana baraza la wazee wa kurithi liitwalo wenamiji. Robert Gray aliliandika mwaka 1963 katika kitabu chake juu ya jamii hiyo. Hapa tena tunasikia wenye miji, na hapa tena mamlaka yao yalikuwa juu ya maji. Kwa hiyo mwenye wa Kibantu, katika muktadha huu, alikuwa mtu anayewajibika kwa kitu mbele ya wengine. Maana hiyo Kiswahili hakijaipoteza kabisa. Tunayo bado katika mwenyekiti, ambaye hakuna anayedhani kwamba amekinunua kiti.

Haki ya kupata maji ilitokana na jasho. Aliyeshiriki kuchimba, au aliyezaliwa na mshiriki, au aliyekubaliwa baadaye kwa pombe na kazi, alikuwa na sehemu. Asiyefika kusafisha mfereji baada ya mvua alipungukiwa. Upareni kazi hiyo ya pamoja huitwa msaragambo, neno ambalo limevuka mipaka ya Upare na kutumika hata na watu wasiojua lilikotoka.

Nisipake sukari. Wanawake, ambao kwa siku nyingi za mwaka ndio waliobeba maji na kulima, walizuiwa kufika penye banio na hawakuhesabiwa katika baraza la mfongo. Ugomvi baina ya walio juu na walio chini ulikuwapo, na mwenye nguvu alipata njia zake. Mtu anayesema kwamba mila iligawa maji kwa haki tupu anatutungia ngano.

Maji yaliyokuja kumwagilia ulezi wa pombe wakati wa kiangazi, pamoja na migomba katika kihamba, yalipata kazi mpya kahawa ilipoenea. Chama cha wakulima wa asili wa Kilimanjaro, KNPA, kiliundwa mwaka 1925, na mahali pake pakachukuliwa na KNCU mwaka 1933. Kahawa inahitaji maji mara mbili: ikiwa shambani na wakati wa kumenywa. Mfongo ukawa nyuma ya fedha za mlima huo, ingawa hesabu za vyama vya ushirika hazikuwa na safu ya kuuandikia.

Maji ya usiku

Mfereji mdogo wa kiangazi una tabu moja. Maji yake yakienda moja kwa moja shambani, hunywewa na udongo wa njiani kabla hayajafika. Dawa yake ni kuyakusanya usiku katika bwawa dogo na kuyafungulia asubuhi kwa pamoja, yakaenda kwa nguvu. Wachaga huliita bwawa hilo nduwa. Wapare huliita ndiva.

Naomba nikae kidogo juu ya neno la pili. Wataalamu wa Kibantu hurejesha shina -diba, lenye maana ya dimbwi au maji yaliyotuama. Kiswahili kimelihifadhi katika ziwa, na Kiganda kina ekidiba, bwawa. Kwa maoni yangu ndiva ya Kipare ni ndugu wa ziwa: nazali iliyotangulia imeilinda d isigeuke z, na b imelegea ikawa v. Ikiwa ni hivyo, Mpare aliyejenga ukuta wa udongo wenye urefu wa hatua chache tu aliliita bwawa lake kwa neno ambalo watu wa pwani walilitumia kuita Nyanza na Tanganyika. Tofauti ni ya ukubwa peke yake, na ukubwa, kwa mtu anayesubiri maji ya mahindi yake, si jambo la kupimwa kwa ramani.

Mfano mzuri ni ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, wilayani Same. Inalishwa na kijito cha Vudee kinachotoka juu milimani. Wakulima wa juu wana mifereji yao, na walio Bangalala wako katikati. Chini zaidi, tambarare ya Makanya hutegemea mafuriko ya msimu. Kwa makubaliano ya vijiji, walio juu hutumia maji mchana na kuyaachia usiku yateremke hadi Manoo. Makubaliano yenyewe hayakuhitaji mita wala lita. Yalihitaji machweo na macheo, ambavyo kila mtu anaviona, na hakuna anayeweza kumdanganya mwenzake kwamba jua bado.

Ndani ya kijiji maji hugawanywa kwa zamu. Neno hili tunalitumia kila siku bila kulitazama. Kiswahili kimelipata katika lugha ya bahari: zam, kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, ni kipindi cha lindo chomboni, nacho kilihesabiwa kuwa saa tatu. Neno la kugawa usiku wa baharini limepanda mlimani kugawa maji ya mahindi. Limefaa kwa sababu lilibeba mambo mawili yanayotakiwa na mfongo, yaani muda unaokwisha na mtu anayepokea kutoka kwa mwenzake. Neno fungu au mgao halina hilo la pili.

Waswahili wenye nasaba ya Oman watakumbuka kwamba huko nako mfereji, falaj, hugawanywa kwa muda. Kipimo chake cha kawaida ni athar, yapata nusu saa, na zamani kilisomwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Katika vijiji vingi baadhi ya zamu hunadiwa, na fedha zinazopatikana hulipia matengenezo. UNESCO ilipoiweka mifereji mitano ya Oman katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, haikutaja mahandaki na mawe tu. Iliutaja pia utaratibu wa kugawana maji na utazamaji wa nyota ulioambatana nao. Nautaja mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba jambo ninalolidai si ndoto ya mtu wa lugha. Limekwisha kuandikwa katika hati rasmi za dunia.

Kwetu tunao mfano wa upande wa pili, nao ni Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo pana mifereji iliyojengewa mawe na mashamba ya kale yenye eneo la hekta zipatazo 2,000, yaliyolimwa kwa karne kadhaa na kuachwa katika karne ya 18. Louis Leakey alichimba huko mwaka 1935, na John Sutton akafanya utafiti mrefu baadaye. Mawe yamedumu hata mtu anaweza kuufuata mfereji kwa miguu. Hakuna hata neno moja la kugawa maji lililosalia. Jina lenyewe la Engaruka limetoka kwa Wamaasai, waliokuja baadaye na mifugo yao.

Sheria na saruji

Serikali za kikoloni zilitazama mifongo kwa macho mawili. Wapo maofisa walioistaajabia. Wapo walioona kwamba inapoteza maji na kumomonyoa udongo, na kwamba maji hayo yangefaa zaidi katika mashamba makubwa ya tambarare. Baada ya uhuru hesabu iligeuka kuwa ya umeme pia. Bonde la mto Pangani lilipata bwawa la Nyumba ya Mungu katika miaka ya 1960, na kituo kipya cha Pangani chenye uwezo wa megawati 68 mwaka 1995. Kila ndoo iliyomwagwa Machame sasa ilikuwa na mtu wa kuiuliza huko chini.

Sheria ya maji ya mwaka 1974 ilitamka kwamba maji yote ya nchi ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Anayetaka kuyatumia aombe haki ya maji. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na mifongo ikaanza kutakiwa kusajiliwa na kulipiwa ada. Wazee wengi hawakuelewa, wala hawakuwa wajinga. Waliambiwa walipie maji ambayo, kwa hesabu yao, walikuwa wamekwisha kuyalipia kwa mikono ya babu zao.

Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, iliyofuata Sera ya Maji ya mwaka 2002. Sheria hii inazitambua haki za kimila na kuweka jumuiya za watumia maji, jambo jema. Lakini kwa mtu wa lugha kuna badiliko dogo linaloshtua: kilichoitwa haki ya kutumia maji sasa kinaitwa kibali. Haki ni kitu ulicho nacho hata ukinyimwa. Kibali ni kitu unachopewa, na anayekitoa aweza kukiondoa. Mwanasheria ataniambia kwamba kimsingi hata haki ya 1974 ilikuwa ya kupewa, na kweli ndivyo. Bado mkulima hasomi vifungu, husikia majina. Na kati ya haki na kibali, neno zamu, ambalo ndilo linaloendesha mfereji kila asubuhi, halimo kabisa katika msamiati wa mwombaji.

Ukarabati wenyewe ulipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980, ulipoanza mpango wa kuboresha umwagiliaji wa asili, uliojulikana kwa ufupisho wa TIP, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV. Mpango huo ulifanya kazi Upareni na kwingineko kaskazini. Ndiva zilipanuliwa, kingo zikasakafiwa, milango ya chuma ikawekwa. Wanawake walianza kuingia katika kamati, na hilo peke yake lingetosha kuuhesabia mpango huo heri. Mwaka 2011 kijiji cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kilitambuliwa na FAO kuwa miongoni mwa maeneo ya urithi wa kilimo duniani kwa ajili ya kihamba chake, na kukarabati mifereji na mabwawa kulikuwa sehemu ya kazi iliyofanyika.

Faida za saruji ni dhahiri. Maji hayapotei njiani, na vijana hawahitaji kujenga banio upya kila baada ya mafuriko. Lakini banio la matawi lilivuja, na uvujaji ule ulikuwa na mwenyewe. Maji yaliyopenya baina ya mawe ndiyo aliyoyanywa mtu wa chini wakati wa kiangazi, ingawa fungu lake halikutamkwa popote. Banio la zege halivuji. Jambo hili limeonekana wazi zaidi mbali na Kilimanjaro, katika bonde la Usangu, ambako mabanio ya kisasa yaliweza kuuchukua mto karibu wote wakati wa kiangazi. Pamoja na kupanuka kwa mashamba ya mpunga, hayo yalichangia kuukausha mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika katika kiangazi. Kwa lugha ya fundi, uvujaji ni upotevu. Kwa lugha ya mgawanyo, lilikuwa fungu la mtu ambaye hakuitwa mkutanoni.

Kuna tatizo la pili, ambalo sisi wanataaluma wa Kiswahili tunahusika nalo moja kwa moja. Mradi unapofika kijijini huja na Kiswahili chake: skimu, kamati, katiba, mwenyekiti, katibu, mhasibu. Ni maneno mazuri, nami sina ugomvi nayo. Lakini meni mfongo akiisha kutafsiriwa kuwa mwenyekiti, anakuwa mtu wa kuchaguliwa kwa miaka michache, ambaye hana deni kwa mwasisi wala kwa msitu. Nduwa na ndiva zote zikiandikwa bwawa, ripoti haiwezi tena kuonyesha kwamba maji yake ni ya usiku, na kwamba kuyafungulia mchana kwa mwingine ni kuvunja mkataba. Na neno mfereji lenyewe lina utata wake: msomaji wa Zanzibar au Mombasa akilikuta katika ripoti anaweza kufikiri juu ya kile ambacho bara tunakiita bomba.

Nimewahi kuuliza kwa nini maneno haya hayaandikwi, nikajibiwa kwamba ni ya kikabila na Kiswahili ni cha taifa. Jibu hilo halinitoshi. Kiswahili kilipokea zam ya mabaharia bila kuuliza kabila lake; kimepokea kihamba na msaragambo pia. Hakuna sababu ya kuzikataa ndiva na mfongo, zikiwa na fasili kamili: si “mfereji wa Wachaga”, bali mfereji wa kumwagilia unaochimbwa kwa kazi ya pamoja, wenye zamu na msimamizi. Fasili ya ndiva nayo itaje usiku.

Kazi ya kukusanya haiwezi kufanywa na wanaisimu pekee. Wanafunzi wanaokwenda nyanjani wakae na wazee wa mifereji, waandike majina ya mabanio, ya vipande vya siku vinavyogawa maji, ya makosa na faini zake, na ya mahali ambapo mtu wa chini hupata maji bila kutajwa. Wawahoji na wanawake, ambao kwa muda mrefu waliyafahamu maji haya kutoka upande wa kupokea. Mhandisi akipewa daftari hilo kabla ya kuchora banio, atajua tundu aliache wapi na lipitishe kiasi gani, na ofisa wa bonde ataweza kuandika katika kibali saa ambazo kijiji kimekwisha kukubaliana na jirani yake wa juu.